Chokaa kwenye mashamba ya Dodoma: kupima tindikali, kukadiria kiasi na kuichanganya na udongo

Chukua udongo mkavu wa kujaa kiganja, uweke kwenye sahani, umiminie vijiko viwili vya siki au maji ya ndimu, kisha sogeza sikio. Ukisikia mchemko na kuona vipovu, achana na habari ya chokaa, ambayo kazi yake ni kupunguza tindikali ya udongo. Shamba hilo lina chokaa yake ya asili, na kuongeza nyingine ni kutupa fedha na kuuharibu udongo. Usiposikia kitu, usikimbilie dukani bado. Ukimya wa siki hauthibitishi tindikali, unakuruhusu tu kwenda kwenye kipimo chenyewe.

Tunaanza na siki kwa sababu Dodoma si Njombe wala Kagera. Ushauri mwingi wa chokaa unaozunguka nchini umeandikwa kwa ajili ya nyanda zenye mvua nyingi, ambako maji yamesafisha kalsiamu na magnesiamu ardhini kwa karne nyingi. Hapa mvua ya msimu mzima, Desemba hadi Aprili, ni kama milimita 500 hadi 600. Haitoshi kuosha kila kitu. Ndiyo maana mabondeni tatizo huwa la upande wa pili kabisa: magadi na chumvi. Lakini kwenye miinuko ya kichanga iliyolimwa miaka mingi, mabua yakiliwa na ng'ombe au kuuzwa, na mbolea za chumvichumvi zikiwekwa kila msimu, pH (kipimo cha tindikali: chini ya 7 ni uchachu, juu ya 7 ni upande wa magadi) hushuka taratibu bila mtu kugundua. Kijiji kimoja kinaweza kuwa na yote mawili, mlimani uchachu na bondeni magadi, umbali wa kilomita moja tu. Anayemwaga chokaa kwa kumwiga jirani anaweza kuwa anatibu ugonjwa ambao shamba lake halina.

Mashamba ya kushuku na ya kuacha

Shuku kichanga cha miinuko, hasa kilichopandwa mahindi au alizeti mfululizo na kuwekewa SA (salfeti ya amonia) au urea kwa miaka mitano na zaidi bila samadi. Shuku pia mashamba ya maeneo yenye mvua kubwa kidogo, kama milima ya Irangi huko Kondoa na nyanda za juu za Mpwapwa.

Acha mfinyanzi mweusi wa mbuga, ule unaopasuka nyufa kiangazi. Acha sehemu zenye vijiwe vyeupe ukichimba, na sehemu zinazotoa unga mweupe juu ya ardhi wakati wa kiangazi, kama inavyoonekana kwenye bonde la Bahi. Udongo wa namna hiyo ukipimwa na kuzidi pH 8.5 unahitaji jasi (madini ya kalsiamu yasiyopandisha pH), samadi na njia ya kutoa maji. Chokaa haiusaidii hata kidogo. Jasi inachimbwa Itigi, mkoani Singida, kwa hiyo kwa kanda yetu haitoki mbali.

Chimbua mzizi kwanza

Mahindi yaliyodumaa na kuwa ya zambarau, maharage ya njano, mtama usiopanda juu: dalili zote hizi zinaweza kuletwa na tindikali, lakini pia na ukame, njaa ya fosfati, kiduha (gugu linalonyonya mizizi ya mazao), au tabaka gumu chini ya udongo. Jani halitoshi kukuambia. Mzizi ndio unaosema.

Chagua mimea mitano iliyodumaa yenye umri wa wiki nne hadi sita. Usiing'oe kwa kuvuta. Zungushia jembe, inyanyue na bonge la udongo, uiloweke kwenye ndoo ya maji dakika kumi, kisha iogeshe polepole. Mzizi ulioumizwa na aluminiamu, ambayo huyeyuka pH ikishuka chini ya 5.5 na kuwa sumu kali chini ya 5.0, ni mfupi, mnene, wa kahawia nchani, na hauna vile vinyweleo vyembamba vinavyoshika udongo. Unafanana na kidole kilichokatwa kucha hadi nyamani. Mzizi uliogonga tabaka gumu ni tofauti: una afya na vinyweleo vyake, ila umefika kina fulani ukakunja kona na kutambaa pembeni. Huo unadai kuchimbuliwa udongo, na chokaa haitauondoa ugumu huo. Kwenye mtama, ukiona vinyonyaji vimeshikamana na mizizi, hicho ni kiduha hata kama maua yake bado hayajatokeza juu.

Kwa karanga, kunde na maharage, kata vinundu vya mizizini kwa ukucha. Kinundu kinachofanya kazi ni chekundu au cha waridi ndani. Vikiwa vichache, vidogo, vyeupe au vya kijani ndani, bakteria wanaotengeneza naitrojeni hawako sawa, na tindikali ni mmoja wa washukiwa wa kwanza.

Kuchukua sampuli

Kipimo kibaya kinatokana na sampuli mbaya kuliko kinavyotokana na maabara mbaya, kwa hiyo hapa usiharakishe.

Gawa shamba kwa kufuata rangi ya udongo, mteremko na historia. Kila sehemu inayofanana, isiyozidi ekari tano, itoe sampuli yake. Tembea kwa mwendo wa nyoka na uchimbe sehemu 15 hadi 20. Kwenye kila sehemu fagia majani ya juu, chimba kishimo chenye kina cha sentimita 20 (weka alama kwenye mpini ili usikisie), kisha kata ukutani kipande chembamba cha unene wa vidole viwili kuanzia juu hadi chini. Weka vyote kwenye ndoo safi ya plastiki. Ndoo iliyowahi kubeba mbolea, jivu au saruji itakudanganya.

Ruka vichuguu, zizi la zamani, jalala la jivu, chini ya miti, njia za ng'ombe na mahali palipowahi kuwa na nyumba. Kichuguu kimoja kinatosha kupandisha pH ya sampuli nzima, kwa sababu mchwa hupandisha juu udongo wa chini wenye kalsiamu nyingi.

Changanya, vunja mabonge, anika kivulini juu ya karatasi safi, kisha gawa robo kwa robo hadi ubaki na nusu kilo. Andika kwenye mfuko: kijiji, jina la shamba, kina, tarehe, zao la msimu uliopita na mbolea iliyotumika. Chukua sampuli kiangazi, Juni hadi Septemba, na kila utakaporudia upime mwezi uleule, maana pH husogea kidogo na majira. Usichukue ndani ya miezi miwili baada ya kuweka mbolea.

Anza kwa afisa ugani wa kata. Tangu mwaka 2022 halmashauri zilipewa vifaa vya kupima afya ya udongo, na vinatosha kukuonyesha kama uko karibu na 5 au karibu na 7. Kwa uamuzi wa kununua tani za chokaa, au kabla ya kuanzisha zabibu, peleka maabara: SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro au TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo) Mlingano mkoani Tanga. Omba pH ya maji, tindikali na aluminiamu inayobadilishana (ile inayoweza kuachia chembe za udongo na kuidhuru mizizi), kalsiamu, magnesiamu, na aina ya udongo. Karatasi ya kupimia inayobadilika rangi nayo si mbaya kama hatua ya awali, ila tumia maji ya mvua au yaliyosafishwa kwa mvuke. Maji ya visima vingi vya Dodoma yana madini mengi na yatakuonyesha pH ya kisima badala ya pH ya shamba.

Kusoma majibu

Uliza kwanza pH imepimwa kwenye nini. Ile ya kloridi ya kalsiamu au ya potasiamu husoma chini ya ile ya maji kwa 0.5 hadi 1. Wapo walioona 5.2 wakaagiza chokaa, kumbe kwa maji shamba liko 6.0.

Kumbuka pia kwamba ngazi za pH haziko sawa na za rula. Udongo wa 5 una tindikali mara kumi ya ule wa 6.

Kwa pH ya maji, uamuzi uwe hivi. Chini ya 5.0, weka chokaa, usisubiri. Kati ya 5.0 na 5.5, weka kama unalima mahindi, mtama, alizeti, maharage au zabibu. Uwele, kunde na muhogo huvumilia zaidi. Kati ya 5.5 na 6.0, samadi inatosha na mbolea ibadilishwe. Juu ya 6.0, hapana.

Lengo la kichanga cha Dodoma liwe 5.8 hadi 6.0. Vitabu vinavyosema 6.5 vinazungumzia udongo mzito ambao una akiba ya zinki, chuma na boroni. Kichanga chetu hakina akiba hiyo, na ukisukuma pH juu virutubisho hivi hufungwa.

Kiasi cha chokaa

Kiasi hakitegemei pH peke yake. Mfinyanzi na mboji hushikilia tindikali kama sifongo, wakati kichanga kina mahali padogo pa kuishikilia. Mashamba mawili yenye pH 5.0 yanaweza kutofautiana mara tatu kwa mahitaji ya chokaa. Makadirio ya kutoka pH 5.0 hadi karibu 6.0, kwa chokaa safi iliyosagwa vizuri na kuchanganywa hadi sentimita 20, ni haya kwa ekari moja:

– kichanga: kilo 400 hadi 600 (mifuko 8 hadi 12 ya kilo 50)
– kichanga tifutifu chekundu: kilo 600 hadi 900 (mifuko 12 hadi 18)
– mfinyanzi mwekundu: kilo 1,200 hadi 1,800, igawe miaka miwili

Ukiwa chini kidogo ya 5.5, nusu yake inatosha. Ukiwa na kipimo cha aluminiamu inayobadilishana, tumia hicho badala ya makadirio: kila sentimoli 1 kwa kilo ya udongo inadai takriban tani 1.5 kwa hekta, yaani kilo 600 kwa ekari.

Sasa rekebisha kwa kina. Ukilima kwa jembe la mkono na kufika sentimita 10 tu, weka nusu. Kiasi cha sentimita 20 kikibanwa kwenye sentimita 10 za juu, tabaka hilo litazidiwa na la chini litabaki chachu.

Rekebisha pia kwa ubora. Mfuko ukiandikwa uwezo wa kuondoa tindikali ni asilimia 80, gawa kiasi kwa 80 uzidishe kwa 100. Kilo 500 zinakuwa 625. Mfuko usioonyesha asilimia yoyote ni wa kuachwa dukani.

Kununua bila kupigwa

Unachotaka ni mawe ya chokaa yaliyosagwa, yanayouzwa kwa jina la chokaa kilimo, au dolomaiti, ambayo ina magnesiamu pia. Chagua dolomaiti pale majibu ya maabara yanapoonyesha magnesiamu ndogo. Chokaa ya kujengea ni kitu kingine: imechomwa tanurini, ina nguvu zaidi (kilo 74 za ile iliyozimwa kwa maji zinafanya kazi ya kilo 100 za mawe yaliyosagwa), inaunguza ngozi na macho, na kwenye kichanga ni rahisi mno kuzidisha. Chokaa hai isiyozimwa usiiguse kabisa.

Mbele ya muuzaji fanya mambo mawili. Tia kijiko kimoja kwenye glasi, mimina siki. Chokaa ya kalsiamu huchemka papo hapo; dolomaiti huchemka polepole kwa sababu hiyo ndiyo tabia yake. Isipochemka kabisa, umeuziwa jasi au vumbi la mawe mengine. Jasi ina kazi zake, ila haipandishi pH.

Cha pili ni usagaji, na hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea. Sugua kati ya vidole: sehemu kubwa iwe laini kama unga wa ngano. Chembe zilizozidi milimita 2, ukubwa wa mchele uliokatika, zitakaa udongoni miaka bila kuyeyuka. Zinazopita tundu la robo milimita hufanya kazi msimu huohuo. Chokaa ya bei ya chini yenye punje kama za sukari ni ghali kuliko inavyoonekana, kwa sababu nusu yake hutaiona kazini. TFRA, mamlaka ya udhibiti wa mbolea, ndiyo inayosimamia mbolea na visaidizi vyake nchini, kwa hiyo dai bidhaa iliyosajiliwa na risiti.

Jivu la kuni nalo linapandisha pH, na haraka. Nguvu yake ni kati ya robo na zaidi kidogo ya nusu ya chokaa, kutegemea mti. Linafaa bustani na mashimo ya kupandia. Lisiwe jivu la jalala lililochomwa pamoja na plastiki.

Wakati

Vitabu vinasema weka chokaa miezi miwili au mitatu kabla ya kupanda. Sheria hiyo inadhani udongo una unyevu, na chokaa bila maji haifanyi lolote. Ukiiweka Agosti Dodoma, inakaa kama ilivyo hadi mvua ya kwanza ya Novemba au Desemba, na kama imebaki juu, upepo wa kiangazi umeshaipeleka kwa jirani.

Njia bora ni mwezi Aprili na Mei, mara baada ya kuvuna mazao ya mapema, wakati ardhi bado ina unyevu wa chini na jembe linaingia. Chokaa inapata wiki kadhaa za kuanza kazi kabla ardhi haijakauka, inamalizia mvua ikirudi. Ukikosa nafasi hiyo, iweke Oktoba au Novemba wakati wa kutifua, ukijua kwamba msimu wa kwanza utaona sehemu tu ya faida na wa pili utaona zaidi.

Kumwaga na kuchanganya

Andaa kamba, vigingi, ndoo ya lita 10, mizani ya kuazima, reki, barakoa au kitambaa, na miwani. Fanya kazi alfajiri hadi saa tatu asubuhi, kabla upepo haujaamka.

1. Pima ndoo yako. Ndoo ya lita 10 ya chokaa kavu ni kama kilo 12 hadi 13, robo ya mfuko. Pima mara moja kwa mizani, weka alama, usipime tena.

2. Gawa shamba kwa vigingi. Mfuko mmoja wa kilo 50 unatosha eneo la mita 20 kwa 25 ukiweka mifuko 8 kwa ekari, mita 20 kwa 20 ukiweka mifuko 10, na mita 15 kwa 15 ukiweka mifuko 18. Weka mfuko katikati ya kila kipande kabla hujafungua hata mmoja. Hapo utaona kwa macho kama hesabu inafika mwisho wa shamba.

3. Mwaga nusu ukienda kwa urefu, na nusu iliyobaki ukikatiza kwa upana. Ukimwaga mara moja tu unaacha mistari, na mistari hiyo utaiona kwenye mahindi Februari.

4. Fukia siku hiyohiyo. Plau ya ng'ombe au pawatila, kisha pita mara ya pili kwa kukatiza. Plau pekee hupindua chokaa na kuilaza chini kama shuka. Ni ule upitaji wa pili unaoichanganya.

Kuhusu kuberega, tuseme wazi. Mkulima anayekwangua juu na kupanda hana namna ya kutumia chokaa kwa kumwaga shamba zima. Chokaa haitembei. Katika mwaka inashuka sentimita chache tu, na mvua ya kwanza ya Desemba, ile inayokuja kwa kishindo juu ya ardhi tupu, inaisomba pamoja na udongo wa juu. Kwenye mteremko anza na matuta ya kukinga maji. Wazee wa Kondoa wanaokumbuka HADO, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza 1973, wanajua makorongo yale yalivyokula mashamba.

Kwenye mashimo ya Chololo: kizibo cha soda

Kwa mkulima asiye na plau wala fedha ya mifuko kumi, hii ndiyo sehemu muhimu kuliko zote katika mwongozo huu. Mashimo ya Chololo, yaliyopata jina kutoka kijiji cha Chololo hapahapa Dodoma, ni madogo: upana wa takriban sentimita 22, kina kama sentimita 30, nafasi ya sentimita 60 shimo hadi shimo na 90 mstari hadi mstari. Ekari moja inabeba mashimo kama 7,500.

Shimo kama hilo lina udongo wa kilo 10 hadi 16. Kwa kichanga chenye pH 5, gramu 5 hadi 7 za chokaa zinatosha kuutibu udongo huo. Kizibo cha soda kilichojazwa na kusawazishwa kwa kidole kinabeba karibu gramu 5. Hakiki: vizibo 100 vinapaswa kutoka karibu nusu kilo kwenye mizani ya duka. Kwa kizibo kimoja kila shimo, ekari nzima inakula kilo 37 au 38. Mfuko mmoja, na unabaki.

Wengi hukosea hapa kwa kutia konzi. Konzi ya mtu mzima ni gramu 50 au zaidi, mara kumi ya kinachotakiwa, na mche unaota ukiwa wa njano.

Utaratibu: chimba shimo, rudisha nusu ya udongo wa juu, nyunyiza kizibo kimoja (viwili kama udongo una mfinyanzi), koroga kwa mkono au kijiti hadi weupe upotee, tia samadi iliyooza vizuri konzi mbili, koroga tena, acha. Kama ni jivu, tumia kijiko kimoja na nusu hadi viwili vya chakula. Mashimo haya tangu awali yamekuwa yakitiwa jivu kwa ajili ya mchwa, kwa hiyo anayetia jivu kila mwaka apime kabla ya kuongeza chokaa. Panda baada ya mvua kuloweka shimo. Tumia mashimo yaleyale msimu wa pili na wa tatu. Ukiyahamisha, umeiacha chokaa nyuma.

Zabibu na karanga

Mzabibu ukishapandwa unakaa miaka mingi na huwezi tena kuchimba chini ya mizizi yake, kwa hiyo chokaa iwekwe kabla. Kwa shimo la sentimita 60 kila upande kwenye kichanga cha pH 5, changanya gramu 130 hadi 150, karibu nusu kikombe cha chai, na udongo wote unaorudishwa. Lakini angalia maji yako kwanza. Kama birika nyumbani linaota ukoko mweupe ndani, maji hayo ya kisima yanaongeza chokaa shambani kila unapomwagilia, na shamba la zabibu lenye pH 5.6 leo linaweza kupanda lenyewe. Mzabibu unaoonyesha majani machanga ya njano yenye mishipa ya kijani tayari una upungufu wa chuma kutokana na pH kubwa, na chokaa itauzidishia.

Karanga huvumilia uchachu kiasi, ila hudai kalsiamu pale ganda linapoumbika, sentimita tano za juu. Ganda hunyonya kalsiamu moja kwa moja kutoka kwenye udongo unaolizunguka, halisubiri mizizi. Ukivuna maganda mengi matupu na pH iko 5.8 au zaidi, nyunyiza jasi kilo 80 hadi 160 kwa ekari juu ya mistari, maua yanapoanza.

Mbolea na chokaa

Usichanganye chokaa na urea, SA, DAP wala samadi mbichi kwa wakati mmoja juu ya ardhi: naitrojeni hugeuka hewa ya amonia na kuruka. Acha wiki mbili hadi nne katikati. Samadi iliyooza, ikifukiwa, haina shida hiyo.

Fosfati ya Minjingu, inayotoka mkoa jirani wa Manyara, ni suala tofauti. Mawe yake yaliyosagwa yanahitaji tindikali ili yayeyuke, na yenyewe yana kalsiamu nyingi. Kwenye shamba la pH 5.3 lenye njaa ya fosfati, hata pale kanuni ya juu inaporuhusu chokaa, Minjingu kwanza ni uamuzi mzuri zaidi, kwani unapata fosfati na tindikali inapungua kidogo. Ukishapandisha pH kwa chokaa, Minjingu ya unga inalala.

Kinachorudisha tindikali ni hasa SA. Mfuko mmoja wa kilo 50 unaweza kudai hadi kilo 56 za chokaa safi kufuta uchachu wake. Mfuko wa urea kama kilo 40. CAN (mbolea ya naitrojeni yenye kalsiamu) karibu hakuna. Mkulima wa kichanga anayekuzia kwa SA kila mwaka abadilishe kwenda CAN.

Ukizidisha

Dalili huanza kwenye majani machanga: mistari myeupe kwenye mahindi (zinki), manjano kati ya mishipa kwenye karanga (chuma), vichwa vya alizeti vilivyopinda au vyenye mapengo ya mbegu (boroni). Alizeti ndiyo inayoumia mapema. Hakuna njia rahisi ya kuirudisha chokaa iliyozidi. Samadi nyingi, SA kwa misimu kadhaa na kunyunyiza zinki kwenye majani husaidia polepole.

Kujua kama imefanya kazi

Acha kipande chenye upana wa mita 5 kwa urefu wote wa shamba bila chokaa, ukiweke vigingi, na ukitunze sawasawa na kwingine. Wakati wa mavuno pima mita 5 kwa 5 ndani ya kipande hicho na mita 5 kwa 5 pembeni yake, kila moja kwenye mfuko wake, na upeleke kwenye mizani. Chimbua mizizi ya pande zote mbili kama ulivyofanya mwanzo.

Pima pH tena baada ya miaka miwili, mwezi uleule na kina kilekile. Kwenye kichanga chokaa hudumu miaka miwili hadi mitatu, kwenye mfinyanzi zaidi. Kiasi cha kurudishia kihesabu kutoka kwenye mbolea uliyotumia: mfuko mmoja wa urea na mmoja wa SA kwa ekari, kila mwaka kwa miaka mitatu, unafika kilo 288, karibu mifuko 6. Hicho ni kiwango cha juu, kwa hiyo pH ikiwa bado 5.7 usiweke chochote, subiri kipimo cha mwaka unaofuata.